Togwa ya Kukandikia Nyumba

Juma lililopita niliacha uji kwenye sufuria katika chumba changu cha kupanga hapa Dar es Salaam, nikaenda kazini, nikausahau. Joto la mji huu halina subira. Niliporudi kesho yake jioni na kufunua kifuniko, harufu ilinipanda puani kabla sijainama: utamu kidogo, uchachu kidogo, na kitu cha tatu ambacho sikijui jina, kitu kinachochekesha. Mwenzangu wa chumba, binti wa Kilwa, akaziba pua.

"Mwaga huo, umeoza."

"Haujaoza," nikamwambia. "Umeanza tu kuwa na mawazo."

Nikachota kijiko, nikaonja, nikacheka peke yangu hata akaniuliza kama nina homa. Sikuweza kumweleza pale pale. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kuanza na nyumba isiyokuwa na kuta.

Baba aliisimamisha kabla hajashuka tena tambarare, kwenye kazi yake ya shamba la mkonge. Alichimbia nguzo, akafunga fito kwa kamba za migomba, akaezeka paa la nyasi, kisha likizo yake ikaisha. Ikabaki pale kwenye mteremko, juu ya shamba letu la maharage kule Bombo milimani, kama mtu aliyevaa kofia na kusahau nguo. Upepo ulipita ndani bila kubisha hodi. Mbuzi wa Bibi walilala humo mchana. Mimi nilikuwa sijaota tena meno ya mbele, na kila siku nilikwenda kusimama kwenye kona niliyokwisha kujichagulia, nikatazama mabonde yote kupitia ukuta wangu, nikaona hakuna duniani mtoto mwenye chumba kama changu.

Mama hakuona hivyo. Tulikuwa tukiishi jikoni kwa Bibi, mama yake Baba, na Bibi hakuwa mtu mbaya. Ila jiko lilikuwa lake. Chungu kilikaa alipotaka yeye. Moto ulipunguzwa alipotaka yeye. Mama akisogeza kinu, Bibi alikirudisha bila neno, akivuta pumzi tu kwa pua. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule kuhusu kwa nini watu hugombania ardhi na mipaka, na sijapata kimoja kilichonieleza vizuri kuliko kile kinu.

Ulikuwa wakati wa mavuno, kipupwe kimeingia. Wale mliokulia milimani mnaujua. Asubuhi ukungu unapanda kutoka Same kama maziwa yanayochemka, unafunika migomba, unafunika kanisa, hata jogoo anawika kwa mashaka. Watoto tunapuliza pumzi zetu tuone nani anatoa moshi mrefu zaidi. Jioni kila nyumba inanuka makande ya mahindi mapya na maharage mapya, na maboga yanachomwa majivuni mpaka yanalia. Ni wakati wa kuwa ndani. Ni wakati wa kuwa na ndani.

Mahindi yetu yalikuwa mengi mwaka ule, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Kwetu mahindi hukaa darini, juu ya mafiga, moshi uyakaushe na kuwafukuza wadudu. Dari la Bibi lilijaa mahindi ya Bibi. Yetu yalirundikwa kwenye kona karibu na mlango, na ukungu ulipoingia siku baada ya siku, yakaanza kuota kuvu. Mama aliyachambua kila jioni, akitupa yaliyoharibika kwenye kikapu cha nguruwe wa jirani, na kila hindi alilotupa niliona mdomo wake ukizidi kuwa mwembamba.

"Nyumba isipokandikwa juma hili," alimwambia Bibi, "watoto watakula nini mwezi wa mvua?"

"Basi piga msaragambo," Bibi akasema.

Msaragambo ni kazi ya watu wote, inayoitwa kwa baragumu kutoka kilimani: kuchimba mfereji, kuzibua bwawa la maji, kutengeneza njia. Serikali ya Mwingereza ilikwisha kuonja utamu wake, ikawa inapiga baragumu hata kwa matuta yake ya kuzuia mmomonyoko, na watu walikwenda wakinung'unika. Lakini kijijini kwetu msaragambo uliweza pia kuitwa kwa ajili ya nyumba moja, kama mwanamume wa nyumba hiyo yuko mbali. Sharti lilikuwa moja, na halikuandikwa popote: mwenye nyumba atoe dengelua, pombe yetu ya miwa.

Bibi alikuwa fundi wa dengelua. Hakubatizwa na hakuwa na haraka. Mama alibatizwa, akathibitishwa, aliimba kwaya, na mbele ya madhabahu ya kanisa letu la Kilutheri alikuwa ameahidi kwamba hatapika pombe wala kuigawa.

"Mimi nitapika," Bibi akasema. "Wewe utafumba macho."

"Mama, nyumba ni yangu. Nikifumba macho nitaionaje?"

Baba mdogo Eliakimu, mdogo wake Baba, alikuwa amekaa kizingitini akichonga mpini. Alikuwa na tabia ya kusikiliza kila kitu kisha kuongeza chumvi.

"Shemeji, msaragambo bila dengelua ni mazishi."

"Njooni basi mazikoni," Mama akamjibu. "Nitapika makande. Na togwa."

"Togwa!" Baba mdogo akaangusha panga. "Watu wazima, wenye ndevu, wanyweshwe togwa kama watoto waliotoka tohara?"

"Kwa nini watu hawawezi kukandika nyumba bila kulewa?" nikauliza mimi.

"Kwa sababu tope ni baridi, mtoto. Umewahi kukanyaga tope la kipupwe alfajiri? Baridi inaingia kwenye kisigino inatokea sikioni."

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Wakubwa walinijibu kwanza kwa kucheka, baadaye kwa kunituma maji. Swali nililokuwa nalo siku zile lilihusu benchi. Kanisani kwetu palikuwa na benchi la nyuma kabisa, mlangoni, nalo lilikuwa la watu waliotengwa, yaani waliozuiwa kuijia Meza ya Bwana mpaka watubu. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya bonde alikalishwa hapo msimu mzima kwa sababu ya kupika pombe ya arusi. Mlango wa kanisa haukufungwa, na upepo wa kipupwe ulimpiga mgongoni ibada nzima. Nikamwona akijikunyata ndani ya kanga. Hakuna aliyenieleza habari za toba. Mimi niliamini kwamba adhabu yenyewe ni baridi. Kwamba wazee hukutana na kusema, huyu apigwe na upepo. Na niliamini kwamba mtu akikaa pale muda mrefu, baridi inabaki mwilini, hata akiota moto hasikii.

Kwa hiyo fikirini nilivyoshtuka nilipopanda darini kwa Bibi kutafuta njugu, nikakuta chini ya majani makavu ya migomba ulezi uliochipua. Kimea. Umetandazwa vizuri, umefunikwa vizuri, kama kitu kisichotaka kuonekana. Kimea nilikijua. Niliwahi kukiona kwenye nyumba za watu wanaopika pombe. Siku iliyofuata Mama akamwomba Bibi mtungi wake mkubwa, ule wenye shingo nene na harufu ya dengelua ambayo ungeisikia ukiwa umelala. Akausugua kwa majani na maji ya moto, akausugua tena. Kisha akapika uji mwingi kuliko niliowahi kuona, akausubiri upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, akasaga kimea, akakitia, akakoroga, akamimina mtungini, akaufunika kwa jani la mgomba na kuuweka karibu na moto. Alifanya yote haya akiimba tenzi.

Mkimwambia mtu mzima leo, ataona mara moja kwamba mama anatengeneza togwa, kama alivyosema. Kimea ndicho kinachoufanya uji uwe mtamu, na kilifunikwa kwa sababu kimea hupenda giza. Lakini mimi nilikuwa nimeshaunganisha kimea na mtungi, nikapata jawabu, na kuanzia hapo kila nilichokiona kilithibitisha jawabu langu. Hata tenzi zilikuwa ushahidi. Kwa nini aimbe kama hana la kuficha? Nimekutana baadaye na wasomi wanaofanya hivyo hivyo.

Jioni ile baragumu lililia kutoka kilimani. Sitasahau. Sauti ilianza chini kama ng'ombe anayeota, ikapanda, ikagonga mlima wa pili ikarudi. Kisha mpigaji akaita kwa sauti yake mwenyewe: kesho, kwa mke wa Eliufoo, kukandika! Jina la baba yangu likatembea mabondeni. Moyo wangu ulirukaruka hadi nikaogopa utatoka kupitia pengo la meno. Nilikimbia kwenye kona yangu, nikakimbia kurudi, nikamwambia kila kuku.

Asubuhi mvua ikanyesha. Si mvua ya kweli, ni ile rasharasha ya kipupwe isiyoanza wala kuisha, ambayo tope lililokandikwa halikai ndani yake. Baragumu likalia tena: kesho. Mama akasimama mlangoni kwa Bibi akitazama nje, akafunua mtungi, akanusa, akaufunika. Makande alikuwa bado hajaweka motoni, hayo yangengoja. Togwa haingojei mtu.

Siku ya pili jua likatoka. Mama alifunua mtungi alfajiri, na povu likainuka mpaka shingoni, likipasukapasuka taratibu kama linalonong'ona. Akachota kidogo kwa kata, akaonja. Akaonja tena.

"Mama," akamwambia Bibi, "umetia nini humu?"

"Mimi?" Bibi alikuwa akisukutua mdomo. "Ulitaka mtungi, nikakupa mtungi. Mtungi huo umebeba dengelua tangu mume wako hajazaliwa. Ulidhani utausahaulisha kwa maji ya moto?"

"Hii siyo togwa tena."

"Basi imwage. Wape watu umande."

Tayari sauti zilisikika njiani, na vyuma vya majembe vikigongana. Nilimwona Mama akiwa na kata mkononi, akitazama mtungi, akitazama kona ya mahindi, akitazama mtungi. Sijui alichokiamua kilikuwa dhambi au hapana. Nimelijadili jambo hili na rafiki yangu anayesomea theolojia, akanijibu kwa Kilatini, nikaachana naye. Ninachojua ni kwamba Mama aliweka kata chini, akafunga kanga kiunoni mara ya pili, akaniambia, "Nakijwa, lete vibuyu."

Wakaja! Nilikuwa nimesikia watu wakisema hawaji kwa ajili ya togwa, na walikuja. Wanaume na majembe, wanawake na madebe na mitungi vichwani, vijana waliokuwa wakisukumana tangu juu ya mlima, bibi kizee mmoja aliyekuja kukosoa tu. Walichimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba, wakafungulia maji ya mfereji, wakatupia majani yaliyokatwakatwa, wakaingia miguu mitupu wakipiga kelele kwa baridi.

"Kanyaga, Eliakimu! Unakanyaga kama bwana harusi!"

"Ninyi mnakanyaga kama mnalipwa na Bwana Shauri wa Serikali!"

"Shemeji yako ametuandalia nini?"

"Togwa," akasema Baba mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza msiba.

Kicheko kikazunguka shimo. Mmoja akasema arudi nyumbani akamlete mwanawe mchanga, ndiye anayestahili kinywaji hicho. Mwingine akauliza kama watabebwa mgongoni pia. Wanawake waliokuwa wakirusha madonge ya tope kwenye fito na kuyapiga kwa viganja walimtazama Mama wamwone anaipokeaje. Mama aliipokea kwa kuwapelekea vibuyu. Hakusema karibuni wala samahani.

Wa kwanza alikunywa kwa kejeli, kidole kidogo kimeinuliwa. Akashusha kibuyu. Akatazama ndani. Akanywa tena, safari hii bila kejeli, akampa jirani yake. Jirani akanywa. Kimya kikaanza kusafiri kutoka mtu hadi mtu, kimya cha furaha, kama watu wanaopitishiana siri.

"Shemeji," Baba mdogo akasema taratibu, "hii togwa yako imesoma wapi?"

"Fanya kazi, Eliakimu."

Na kazi ilifanyika! Sijawahi kuona tena watu wakifanya kazi namna ile, hata siku hizi za kujitolea ambapo kila kitu kina hotuba. Tope liliruka. Nyimbo zilianza upande huu zikamalizwa upande mwingine. Ukuta ulipanda kutoka ardhini mbele ya macho yangu, ukameza nuru ya kona yangu kipande kwa kipande, na mimi nilikuwa ndani nikipiga makofi kwa kila tundu lililozibwa. Nilipaka tope mpaka nyusi. Yule bibi kizee wa kukosoa alinishika mkono akanionyesha jinsi ya kulainisha kwa kiganja kilicholowa, kwenda na kurudi, bila kuacha alama za vidole.

Kisha mtu akasema chini chini, "Mzee Yona."

Alikuwa akipanda njia na mwavuli wake uliofungwa, na koti lake jeusi ambalo mmishenari mmoja alimwachia, refu kuliko yeye. Mzee Yona alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyewaambia watu wakakae benchi la mlangoni. Nyimbo zikafa. Vibuyu vikajificha nyuma ya migongo. Mama akafuta mikono kwenye kanga, na mikono haikufutika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama Nakijwa. Nimesikia baragumu. Bwana asifiwe, naona ukuta."

"Bwana asifiwe, Mzee."

Desturi yetu haimruhusu mtu kufika penye kazi asipewe kinywaji. Kila mmoja pale aliijua, na Mzee Yona aliijua kuliko wote. Mama akaingia kwa Bibi, akatoka na kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Akampa. Mzee akashukuru mbinguni kwa macho, akanywa. Koo lake lilikuwa refu, na niliweza kuiona togwa ikishuka kituo kwa kituo. Aliposhusha kibuyu alipangusa midomo kwa kiganja.

Mimi sikuweza kuvumilia.

"Mzee, shikamoo. Mama atakaa kwenye baridi?"

"Baridi gani, mjukuu wangu?"

"Ya mlangoni. Kwa ajili ya mtungi wa Bibi."

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Bibi, kizingitini, alikuwa na uso wa mtu anayetazama ngoma. Mama aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu aliyechoka. Nusu ya nyumba ilikuwa na kuta. Nusu ilikuwa bado fito. Mzee Yona akisema neno moja, watu wangeondoka, kwa sababu nani angetaka kuonekana penye pombe na mzee wa kanisa amekwisha kuitaja?

Mzee alitazama kibuyu. Akatazama nyumba. Akatazama mahindi yaliyorundikwa kwa Bibi, yanayoonekana mlangoni, na kikapu cha yaliyooza.

"Swali ni zito," akasema. "Siwezi kulijibu kwa kibuyu kimoja."

Akavua koti. "Nishikie hili, wewe unayeuliza." Akanipa na mwavuli. Akakunja suruali mpaka magotini, akatuonyesha miguu myembamba kama ya korongo, akaingia kwenye tope.

Sijui nani aliyeanza kucheka, lakini nyimbo zilirudi zote kwa pamoja. Mzee Yona alikanyaga kama anayekanyaga nyoka. Kila baada ya muda alitoka, akaomba kibuyu, akaonja akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa. "Bado sina hakika." Akarudi tope. "Bado." Baba mdogo alimwimbia shairi la kumsifu mtu asiye na haraka ya kuhukumu, na Mzee akacheza kidogo, kidogo tu, kwa mabega. Mimi nilisimama nimevaa koti lake lililofika ardhini, nikiwa nimechanganyikiwa kwa furaha na hofu, nikingoja hukumu.

Jua lilipoegemea mlima, ukuta wa mwisho ulifungwa. Wanawake walikwisha kuchanganya samadi na majivu na kusiriba sakafu. Mzee Yona akasimama katikati ya watu, tope limemfika kiunoni.

"Leteni huo mtungi."

Ukaletwa. Akauinamisha. Lilitoka tone moja, likaning'inia, likaanguka.

"Asubuhi," akasema, "huenda ilikuwa togwa. Huenda haikuwa. Mimi nimejitahidi kupeleleza mpaka mwisho, mmeniona. Lakini kanisa letu halihukumu mtungi mtupu."

Walishangilia hadi kuku wakaruka. Bibi akachukua mtungi wake akaubeba ndani kama mtoto aliyefanya vizuri shuleni.

Tulihamia jioni ile ile, kuta zikiwa bado mbichi. Mama alipanga mafiga yake matatu, akayasogeza, akayasogeza tena, kwa kuwa sasa hakuna wa kuyarudisha. Baba mdogo alipandisha mahindi darini, kikapu baada ya kikapu, akihema na kujisifu. Moto ukawashwa. Moshi ulipanda, ukatafuta njia, ukayakuta mahindi. Makande yakatokota. Kuta zilitoa jasho na harufu ya udongo wa mvua ya kwanza, na nuru ya moto ikacheza juu yake mpaka nyumba nzima ikawa rangi ya boga. Nilikaa kwenye kona yangu. Sikuona tena mabonde, na sikuyahitaji. Mama alitembea akigusa ukuta hapa na pale kwa kiganja. Hakuomba kwa sauti. Alikula kidogo sana.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kila familia ilipeleka mbele ya madhabahu mazao yake ya kwanza. Sisi tulipeleka maharage na boga kubwa. Mama aliyaweka, akasujudu, kisha badala ya kurudi mahali petu pa siku zote katikati ya kanisa, alinishika mkono akanipeleka nyuma, nyuma kabisa, akaketi kwenye benchi la mlangoni. Hakuna aliyemwambia. Upepo wa kipupwe ukatupiga mgongoni, na nikajua sasa tumekwisha, hatutapata joto tena maishani.

Ndipo niliposikia viatu. Mzee Yona, mwenye kiti chake mbele kando ya mimbari, alikuwa akija kwa kuchechemea, magoti yamekaza kwa kukanyaga. Alifika, akamwamkia Mama kwa kichwa, akaketi. Baada ya hapo akaja yule bibi kizee wa kukosoa. Kisha mwimbaji wa sauti ya nne. Kisha mtu na mkewe. Si wote; wapo waliotazama mbele kwa shingo ngumu, na wengine hawakujua kinachoendelea. Lakini benchi lilijaa, tukabanana, wengine wakasimama mlangoni wakauziba upepo kwa miili yao, na mimi katikati ya mapaja na makoti nikaanza kutoa jasho.

Mchungaji alishuka ngazi moja, akanyoosha shingo.

"Mzee Yona, kuna nini huko?"

"Si kitu, Mchungaji. Leo huku kuna hewa nzuri."

Mabega ya Mama yalianza kutetemeka. Nilidhani analia, nikamtazama chini ya kanga. Machozi yalikuwapo kweli, lakini alikuwa ameuma mkono wake ili asicheke kanisani. Nikafungua mdomo. Akaniinamia haraka, mdomo wake wenye joto sikioni mwangu.

"Nakijwa mwanangu," akasema, "leo usiulize."

Nikauziba mdomo kwa viganja vyote viwili, nikakaa hivyo mpaka amina.